Buluu Kwenye Manyoya

Niliharibu kapo, yaani boneti, ya gari la mtu. Nilijua nimeiharibu. Nikaipaka nta, nikapokea pesa, nikaliacha gari liende.

Nimeanza na hilo ili usisome ukisubiri atokee mwingine wa kulaumiwa. Hatatokea. Mashine ilikuwa nzima, dawa ya kung'arishia ilikuwa nzuri, na siku ile hata umeme haukukatika. Kosa ni langu. Naliandika kwa sababu mashine za kung'arishia rangi ya gari unazipata hadi kwenye maduka ya Birere, hapa Goma, zimepangwa pamoja na betri na vioo vya pikipiki, na kila nikimwona kijana anatoka dukani ameibana moja kwapani, naikumbuka furaha niliyokuwa nayo mwaka 2022. Kijana huyo anaweza kuwa wewe.

Goma ni mji mgumu kwa rangi ya gari. Lava ya Nyiragongo ya Januari 2002 ilipita katikati ya mji mpaka ikaingia ziwani. Ile ya Mei 2021 ilikomea pembeni, karibu na uwanja wa ndege. Makoro, yaani mawe ya lava iliyoganda, tunayajengea kuta, tunayazungushia viwanja, tunayakanyaga barabarani, na magurudumu yanayasaga mpaka yanakuwa unga mweusi unaotua juu ya kila kitu. Unga huo una chembe ngumu kuliko vanishi inayofunika rangi ya gari, ile ambayo huku kwetu tunaiita verni. Mtu akilipangusa gari kavu kwa kitambaa asubuhi, ili tu asifike kazini na gari chafu, amelipiga msasa. Baada ya miaka miwili mitatu, lisimamishe gari jeusi juani: utaona mikwaruzo myembamba imeuzunguka mwanga kama utando wa buibui.

Kuna na mvua. Moshi wa volkano hubeba gesi ya salfa, na mvua ikipita ndani ya moshi huo hushuka na asidi. Katika miaka ambayo Nyiragongo ilikuwa na ziwa la lava kileleni, upepo mara nyingi uliusukuma moshi upande wa magharibi, na magari yaliyoshinda nje pande za Rusayo na Sake yalipata madoa meupemeupe ambayo sabuni haiyatoi.

Kwa hiyo kazi ipo, na anayeweza kurudisha mng'aro hakosi wateja. Mimi niliitamani kazi hiyo kwa miezi minane. Nilikuwa msaidizi katika garaji moja ya Katindo. Nilisugua mastiki ya kuzibia mabonyeo ya bati kwa msasa na maji, nilifunika vioo kwa magazeti, nilibeba madumu ya maji. Mashine ya kung'arishia ilikuwa ya fundi mkuu, niliyemwita mukubwa, na jioni aliifungia kabatini.

Siku aliyonikabidhi, alinipa pikapu nyeupe ya zamani, Hilux ya kubebea mbao. Weupe wake ulikuwa umekufa. Ukipitisha kiganja juu ya mlango, kinatoka na unga kama wa chaki. Akanionyesha: tia dawa kidogo, itandaze kabla hujaongeza mwendo, usisimame mahali pamoja. Nikawasha. Baada ya dakika chache manyoya yanayofunika sahani ya mashine yalikuwa meupe pe, na kwenye mlango nikaanza kuuona uso wangu.

"Unaona, mudogo?" akasema. "Ile rangi iliyokufa inahamia kwenye manyoya. Manyoya yakishika rangi, ujue kazi inatembea."

Alisema kweli. Kwa pikapu ile alisema kweli kabisa. Ilikuwa na rangi ya aina ya zamani, rangi tupu isiyofunikwa na verni, na rangi ya namna hiyo ikikaa juani miaka mingi hukauka juu ikawa vumbi. Ukiling'arisha gari la hivyo, lazima manyoya yashike rangi yake. Mimi nililichukua neno lile la gari moja nikalifanya sheria ya magari yote. Sikumuuliza kama kuna gari ambalo sheria hiyo inageuka. Nilikuwa nimesubiri mashine ile miezi minane, na niliogopa kwamba swali moja lingemfanya aone bado sijaiva, anipokonye. Nikanyamaza nikijifanya nimeelewa.

Miezi minne baadaye nilinunua mashine yangu kwa dola 85, ile inayozungusha sahani kwa mhimili mmoja bila kutikisika. Nikaanza kujitegemea uani kwetu Majengo. Mteja wangu wa tano alikuwa mama muuguzi. Gari lake lilikuwa RAV4 ya buluu iliyokolea, yenye ule mmeto wa chembe za chuma ndani ya rangi, usukani kulia, lililotumika Japani kisha likapitia bandari ya Dar es Salaam kama mengi tunayoyaendesha. Kwa miaka sita alikuwa akienda nalo kazini Sake. Juu ya paa na kapo kulikuwa na yale madoa ya mvua, kama matone ya mshumaa. Tukakubaliana dola 40.

"Hayatabaki hata moja, mama," nikamwambia.

Kosa lilianza kwenye ahadi hiyo. Sikujua verni ile ina unene gani, wala madoa yameingia kina gani, na niliahidi.

Paa lilitoka vizuri, na hilo likanipumbaza. Nikaja kwenye kapo saa saba mchana, gari likiwa juani kwa sababu kivuli cha ukuta kilikuwa kimehama na mimi sikutaka kupoteza muda wa kulisogeza. Madoa mengi yalipungua. Matatu hayakupungua, na yote matatu yalikuwa kwenye ule mkunjo unaopita upande wa kushoto wa kapo kuelekea kwenye taa. Nikaongeza dawa ile nzito. Nikapandisha mwendo hadi mwisho. Nikaiinamisha sahani ili ukingo wake ukandamize pale penye doa. Nikapita, nikarudi, nikapita tena.

Ndipo manyoya yakaanza kuwa ya buluu. Nikafurahi. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa: niliiona ile buluu nikakumbuka neno la mukubwa, nikasema moyoni kwamba sasa kazi inatembea. Nikaendelea, labda nusu dakika zaidi.

Nilipozima na kupangusa, madoa yalikuwa yameondoka. Mahali pake palibaki utepe wenye urefu wa kidole, usiong'aa. Kapo yote ilikuwa kioo, utepe ule ulikuwa kama ubao wa shule. Nikadhani ni dawa iliyokaukia. Nikamwagia maji kidogo kwa kiganja, na papo hapo pakapendeza; buluu ikarudi na kina chake, sawa na pande zote. Nikashusha pumzi. Kisha jua likayakausha maji, kutoka pembeni kuja katikati, na utepe ukarudi vilevile. Nikamwagia tena. Pakapendeza tena. Pakakauka tena.

Mara ya tatu sikumwaga maji. Niliyageuza manyoya nikayatazama. Hilux ile haikuwa na verni. Hii ilikuwa nayo. Verni haina rangi. Ikikatwa inatoka nyeupe kama maziwa au haionekani kabisa. Kama buluu imefika kwenye manyoya, basi njiani hakuna tena verni. Maji yalikuwa yanashika nafasi yake kwa muda, na yakikauka yanauacha ukweli wazi. Nilisimama pale nikiwa nimeshika mashine iliyozimwa, na ninachokikumbuka ni sauti ya chukudu, kile chombo cha mbao cha kubebea mizigo, ikipita nje juu ya makoro, gogo gogo gogo, mpaka ikapotea.

Nieleze sasa nilichokuwa sijui, maana ni kidogo, na kingetosha kuniokoa.

Chukua karatasi moja ya kawaida ya kuandikia. Unene wake ni karibu mikroni 100, mikroni moja ikiwa sehemu ya elfu moja ya milimita. Rangi yote ya kiwandani, kuanzia tabaka la kuzuia kutu hadi verni ya juu, mara nyingi ina mikroni 100 hadi 150: karatasi moja, au moja na nusu. Verni peke yake huwa kama mikroni 35 hadi 50, yaani karibu nusu ya karatasi. Hiyo nusu ya karatasi ndiyo inayong'aa, na ndiyo inayoikinga buluu ya chini na jua na mvua. Nilikuwa naamini kwamba dawa huujaza mkwaruzo. Haiujazi. Inaikata verni inayouzunguka mpaka ilingane na chini ya mkwaruzo. Kila unapoling'arisha gari kwa mashine, umelipunguza, na kilichopungua hakirudi mpaka lipigwe rangi upya.

Kwenye mikunjo na kingo hali ni mbaya zaidi. Pale verni mara nyingi ni nyembamba kuliko kwenye uwanda, halafu sahani ambayo kwenye uwanda hutandaza uzito wake wote, kwenye mkunjo hulalia mstari mmoja tu. Mashine ya mhimili mmoja inasugua mfululizo bila kupumzisha, joto linapanda haraka, na kapo iliyokwisha kupashwa na jua inalikamilisha. Zipo mashine ambazo huzunguka huku zikitikisika, na hizo hukata polepole na humsamehe anayejifunza. Niliziona dukani. Niliziacha kwa sababu ni ghali zaidi na kwa sababu nilidhani polepole ni udhaifu.

Tena lile gari lilikuwa na maisha kabla yangu. Kati ya Japani, Dar es Salaam na Goma, nani ajuaye mara ngapi lilipitishwa mashine ili livutie mnunuzi? Kila aliyeling'arisha alichukua sehemu yake ya ile nusu karatasi. Mimi sikuuliza zimebaki mikroni ngapi.

Hilo lilikuwa kosa la kwanza, na kosa la kutojua husameheka. La pili sikulifanya kwa kutojua.

Mama yule alikuwa amesema atarudi saa kumi. Nilikuwa na saa mbili. Ningeweza kumpigia simu. Badala yake nilitafuta kopo la nta, nikaupaka utepe ule tabaka moja, nikangoja, nikapaka la pili, la tatu. Nta hufanya yale yaliyofanywa na maji, ila haikauki upesi. Hudumu siku kadhaa, pengine wiki. Kisha nikaligeuza gari ili akifika jua liwe upande wa pili wa kapo. Alipokuja alilizunguka, akacheka kwa furaha, akasema limekuwa kama siku aliyolinunua. Akanipa dola 40 na franka za soda. Nikazipokea zote, hata zile za soda.

Wiki tatu baadaye, baada ya mvua za mfululizo, alirudi siku ya Jumapili akitoka kanisani. Kwa wiki tatu nilikuwa nimetayarisha majibu: labda ni mvua ya volkano, labda ni vijana walioliosha, labda ni kasoro ya zamani iliyojitokeza. Hakuuliza kama nilivyotarajia. Aliweka kidole kwenye utepe, ambao sasa ulikuwa mrefu kidogo kuliko nilivyouacha kwa sababu verni ya ukingoni ilikuwa imeanza kubanduka, akasema:

"Mwanangu, hii ulikuwa unaijua?"

Ningesema hapana, sidhani kama angeweza kunikamata. Lakini alikuwa ameuliza jambo moja tu, na jambo hilo nililijua.

"Nilikuwa naijua, mama."

Alinyamaza kidogo. "Sindano ikikosa mshipa," akasema, "siifuniki kwa bandeji nikaenda nyumbani. Ninamwambia mgonjwa. Ungeniambia." Hakupandisha sauti, na hakusema zaidi.

Nilimpeleka kwa mukubwa, na njiani nilikuwa naogopa macho yake kuliko hesabu. Aliutazama utepe, akaniuliza manyoya yalishika rangi gani, na nilipojibu akakaa kimya muda mrefu kuliko mama alivyokaa. "Hilo ningekuambia," akasema. "Hukuuliza." Kisha akaongeza kwamba na yeye angepaswa kuniambia bila kuulizwa. Sikulikubali wala kulikataa. Najua tu kwamba swali lilikuwa langu kuliuliza.

Hakuna njia ya kurudisha verni kwenye utepe wa kidole kimoja isionekane. Kapo ilisuguliwa yote, ikapigwa buluu upya, ikapigwa verni. Gharama ilikuwa dola 160, na mukubwa hakuniongezea faida yake. Nilizilipa kwa miezi minne. Kwa siku tatu gari likiwa garajini nililipia pia pikipiki za kumpeleka mama kazini na kumrudisha. Ukitoa zile 40 alizonilipa, kazi moja ilinigharimu zaidi ya mashine niliyoifanyia.

Ipo gharama ambayo sikuilipa. Buluu yenye mmeto ni ngumu kuilinganisha. Namba ya rangi imeandikwa kwenye kibati cha gari, lakini namba inakupa buluu ya siku ile lilipotoka kiwandani. Rangi ya mabega ya gari ilikuwa imekwisha kunywa jua miaka mingi. Mukubwa alichanganya kwa jicho, akafika karibu sana. Asubuhi huoni tofauti. Saa kumi jioni, jua likilala kuelekea Sake, unaiona. Mama alipoliuza gari mwaka uliofuata, mnunuzi aliiona, akaigonga kapo kwa vidole akisikiliza mastiki, akaamua kwamba gari liliwahi kugonga. Akapunguza dola 300. Mama aliniambia tulipokutana soko la Virunga, kama mtu anayetoa habari. Hakunidai. Sikuwa nazo, na sikumwambia nitazilipa, kwa kuwa nilikuwa nimekwisha kumpa ahadi moja isiyo na msingi.

Bado nafanya kazi hii, na naipenda. Nimebadilisha mpangilio. Kwanza namuuliza mwenye gari historia ya rangi, hata kama hajui. Naliosha kwa maji mengi, madumu mengi ya maji ya ziwa, mpaka unga wa makoro utoke kwenye kila pembe, kwa kuwa chembe moja iliyonaswa kwenye manyoya inachora duara mia. Nafanya kivulini, bati likiwa baridi. Nabandika utepe wa karatasi juu ya kila mkunjo na kila ukingo, na pale napamalizia kwa mkono. Naanza na sponji laini na dawa nyepesi, mahali padogo kama kitabu, na nikiona inatosha sipandi ngazi. Nimenunua kipimo cha unene wa rangi. Kinafanya kazi juu ya chuma tu, hakisomi bampa ya plastiki, na kinapima rangi yote kwa pamoja, hakiitengi verni peke yake. Kikisoma namba kubwa mno najua chini kuna mastiki. Kikisoma ndogo mno nakiweka mezani pamoja na mashine.

Na madoa mengine nayaacha. Hili lilinichukua muda mrefu kulikubali kuliko yote. Doa lililoingia kina kuliko verni iliyobaki halitolewi. Linapunguzwa makali, likaachwa lizeeke na gari. Namwonyesha mwenye gari kabla sijawasha: haya yataondoka, haya yatafifia, haya matatu yatabaki. Mwezi uliopita dereva mmoja wa teksi hakuipenda habari hiyo, akalipeleka gari lake kwa kijana mwingine aliyemwahidi yote. Nilikuwa nimemweleza dereva huyo kuhusu mkunjo, na kuhusu rangi ya manyoya. Labda alimfikishia.

Kama kijana huyo ni wewe: gari likiwa na verni, na manyoya yakashika rangi ya gari, zima mashine. Halafu mpigie simu mwenye gari, kabla hujamwaga maji.